Saa Ishirini na Tatu za Mahale

Kibali cha kukaa na sokwe wa Mahale ni cha saa moja. Mkiwapata saa tatu asubuhi, ikifika saa nne mwongozaji anawaonyesha saa yake ya mkononi, mnarudi nyuma polepole, imekwisha. Wengi wanaokwenda kule wanajiandaa kwa hiyo saa moja tu: simu imechajiwa, viatu vimenunuliwa, barakoa ziko mfukoni. Saa ishirini na tatu nyingine za siku hiyo hawazifikirii. Wanakuja kuzikuta bandani, ziwa mbele na msitu nyuma, wakiulizana nani amebeba chumvi.

Mimi ni mtu wa Ujiji, kazi yangu kufundisha. Likizo ikiangukia kiangazi na mfuko ukikubali, tunakwenda na mume wangu kulala kwenye mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Kasiha, na mara nyingine ndugu wanajiunga. Sina utaalamu wa wanyama wala sijawahi kuajiriwa hifadhini. Nimejifunza tu namna ya kukaa kule ukafurahi, na karibu yote niliyojifunza yanahusu hizo saa ambazo sokwe hawapo.

Kwa asiyepajua: Mahale iko kusini mwa Kigoma mjini, kama kilomita 128 ukifuata ziwa. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1985, na ina kilomita za mraba 1,613 ambazo ndani yake hakuna barabara ya gari hata moja. Unatembea kwa miguu. Milima inaanza pale maji yanapoishia. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462, na kati ya hivyo viwili umbali ni mfupi, kwa hiyo unaweza kukisia mteremko wake. Upande wa ziwani mlima unashika unyevu, msitu ni mzito, mizizi imetapakaa njiani na vijito haviishi. Ukivuka upande wa mashariki unakuta miombo mikavu kama ile ya Uvinza. Juu kabisa ni mianzi na nyasi.

Ratiba ya safari anayo ziwa. Hilo nalisema mapema kwa sababu nimewaona watu wa Dar es Salaam wamekata tiketi ya ndege ya kurudi kesho yake mchana, na leo upepo wa kusi unavuma. Kusi ni upepo wa kiangazi, ndio msimu huo huo mzuri wa kwenda Mahale, yaani kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Asubuhi na mapema maji huwa na adabu. Jua likipanda, mawimbi yanaanza kuvunjika meupe, na nahodha mwenye akili anatafuta ghuba ya kujificha bila kumwuliza abiria. Tulipokuwa wadogo watu walisafiri na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mama yangu husimulia namna ya kushukia Lagosa usiku: meli inasimama mbali na ufuko, mitumbwi inaifuata, na wewe unateremka na mizigo yako huku watu wanapiga kelele kutoka kila upande. Miaka ya karibuni Liemba imekuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo ni boti za mbao, au barabara ya kupitia Uvinza inayoteremka hadi vijiji vya Lagosa na Buhingu, kisha boti fupi ya kumalizia.

Tumejaribu zote mbili. Barabara inachosha mgongo na ina mbung'o kwenye miombo; usivae bluu wala nyeusi, wanazipenda. Boti inachosha moyo. Mimi nachagua boti, lakini kwa masharti: tuondoke kabla ya jua kuchomoza, kila mtu awe na jaketi la kujiokolea alilolivaa, si lililokaliwa, na nahodha awe mtu anayeweza kuniambia "leo hatuendi, mwalimu" bila kuona haya. Nahodha wa hivyo nimemlipa siku nzima ya kukaa mwaloni tukinywa chai ya tangawizi, na sikuona hasara. Fedha nyingi za safari hii, kusema kweli, zinaishia kwenye mafuta ya injini. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Kwa hiyo kusanyeni watu. Mkijaza boti, kila mmoja anabeba sehemu yake na safari inakuwa ya watu wa kawaida kama sisi. Malipo yafanyeni mkiwa bado mjini, kwa kontrol namba, maana kule mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na usisahau kitambulisho cha NIDA, la sivyo utabishana na mtu asiye na kosa.

Sasa soko. Mabanda yana mahali pa kupikia, lakini chakula ni chako, na ukishafika hakuna duka la kukimbilia. Kanuni yetu ni kubeba chakula cha siku tulizopanga na cha siku mbili zaidi, hicho cha ziada kikiwa kisichooza: unga wa muhogo, maharage, dagaa wakavu, mawese kwenye dumu lenye kifuniko kinachokaza. Mawese yakimwagika ndani ya boti hakuna nguo itakayopona. Migebuka ya kubanika inavumilia safari, na ukiichemsha kwa ndimu na kitunguu, ukamalizia na mawese, unaweza kumlisha hata mgeni wa heshima. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika ziwa lote kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na tuliokuwa na safari miezi hiyo tulijua bei ya dagaa wa akiba. Tangu hapo nauliza kwanza habari za ufungaji kabla ya kupanga mboga. Kahawa tunabeba ya Kalinzi. Wengine wataona ni anasa, ila saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuzungumza, utashukuru.

Mtungi mdogo wa gesi ni lazima. Kuni ndani ya hifadhi si za kuokota ovyo, na mkaa unanyonya unyevu. Tochi za kichwani zipatikane kwa kila mtu, si moja ya kugombania. Chandarua chako mwenyewe kama hukiamini cha wenyeji, dawa ya malaria, dawa ya kuharisha, bandeji. Zahanati iko nje ya hifadhi na kati yako na hiyo kuna maji. Vyote ulivyoingia navyo, vikiwa makopo, betri au maganda ya plastiki, vinatoka nawe.

Nyani nao wana saa zao. Hawa si sokwe, ni nyani wa manjano, na wanajua mfuko wa mikate kuliko mtoto wa shule. Mlango wa jikoni ukiachwa wazi kwa muda wa kwenda kuchota maji, dume moja linaingia kama mwenye nyumba. Niliwahi kuona kundi la wageni kambi ya jirani wakimtazama dume akila ndizi zao, kidogo kidogo, akiwa amekaa juu ya meza yao. Walikuwa wanapiga picha. Kesho yake alirudi na wenzake, na picha hazikuchekesha tena. Ukimlisha nyani, au ukimwachia ajilishe, unamharibia pia yule anayekuja baada yako.

Nifike kwa wifi yangu, maana ndiye aliyenifundisha zaidi, na alinifundisha bila kutaka. Wifi ni mfanyabiashara wa Kasulu. Siku tulipomwambia habari za kulala Mahale alicheka sana. "Wifi, yaani ulipe hela ukalale porini, wakati kwa bibi Buhigwe kuna pori la bure na chakula juu?" Hatimaye alikuja, kwa sababu ya mwanawe aliyekuwa ametimiza umri, mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Njiani kwenye boti wifi akapata baridi. Asubuhi ya siku ya kupanda akaamka na mafua, pua inachuruzika.

Mwongozaji alimtazama mara moja tu. "Mama, wewe utabaki."

"Mafua tu haya!"

"Ndiyo hayo hayo, mama."

Wifi alikasirika, na nilimwelewa, kwa sababu alikuwa amelipa. Lakini mwongozaji hakuwa mkali, alikaa naye kwenye ngazi akamweleza. Sokwe ni ndugu wa karibu mno na sisi, magonjwa yetu ya kifua yanawaingia, na wao hawana kinga wala dawa. Mwaka 2006 ugonjwa wa namna ya mafua ulipita katika kundi M, kundi hilo hilo wageni wanalotembelea, na sokwe kadhaa wakafa. Ndiyo maana ya barakoa, ndiyo maana ya kusimama mita 10, ndiyo maana ya watu wasiozidi sita kwa mara moja na ya saa moja isiyoongezwa hata ukilia. Anayeumwa habembelezwi. Wifi akafunga kanga yake vizuri, akaingia jikoni, akaanza kusugua sufuria kwa hasira.

Sisi tukapanda. Hiyo saa yetu nitaipitia haraka, kwa kuwa imeshaelezwa na wengi. Watafutaji wa njia walikuwa wametangulia alfajiri, wakawasikia sokwe wakiamka, wakatuita kwa redio. Sokwe hutengeneza kiota kipya karibu kila usiku, kwa hiyo jana haikuambii kitu. Tuliwakuta mahali palipojaa mabungo ya mwituni, tunda ambalo miezi ya Agosti hadi Oktoba huwavuta wakae chini karibu na ziwa, na ndiyo sababu miezi hiyo mwendo huwa mfupi. Madume mawili yalikaa yakitazamana, kila moja limeinua mkono mmoja juu, mikono imekutana kileleni, na kwa mkono wa pili wanachambuana manyoya. Mwongozaji alininong'oneza kwamba sokwe wa Gombe, upande wa kaskazini mwa mji wetu, hawana mtindo huo, ingawa ni sokwe wale wale. Kijana wa wifi alisahau kupiga picha. Saa ikaisha.

Tuliporudi, jua limepita utosini, miguu inatetemeka, tulidhani tutamkuta mtu amenuna. Tulimkuta wifi amekaa chini ya mwembe na mzee mmoja anayetunza mabanda, sahani ya ugali katikati yao, na mazungumzo yamekolea. Alikuwa amejua zaidi ya sisi tuliopanda mlima.

Mzee yule ni Mtongwe. Watongwe ndio waliokuwa wenyeji wa milima hii kabla haijawa hifadhi. Walihamishwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, wakaenda kuishi nje ya eneo hili. Miembe unayoiona karibu na mabanda, michikichi iliyosimama peke yake katikati ya kichaka, milimau iliyokomaa mahali ambapo huoni hata tofali, yote hiyo ni alama ya nyua za watu. Wifi akatuonyesha kwa kidole: pale palikuwa kwa fulani, pale palikuwa na shamba la muhogo. Mzee alimwambia kwamba sokwe hawakuwa wakila maembe enzi za watu, wakaja kujifunza baadaye watu walipoondoka na miti ikabaki bila mwenyewe. Nilipomwuliza mwongozaji jioni, akasema ni kweli, watafiti wa Kijapani waliliandika jambo hilo. Wajapani wako hapa tangu 1965, alipokuja Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, miaka mitano tu baada ya Jane Goodall kufika Gombe Julai 1960.

Halafu dawa. Mzee alimpa wifi mvuke wa majani kwa ajili ya mafua, na katika kumweleza majani akafikia mti mmoja uitwao mjonso kwa Kitongwe, mchungu kuliko mwarobaini, unaotumiwa kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Akamwambia: hata sokwe wanautumia. Wifi hakuamini. Mimi nilikuwa nimesoma habari hiyo, kwa hiyo nilimthibitishia. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuatilia sokwe jike mgonjwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini na ambaye alikuwa mjuzi wa miti shamba. Yule jike akamenya tawi la mjonso, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake machungu, na baada ya muda akawa na nafuu. Mgeni angeona mnyama anakula tawi. Ilihitajika mtu aliyezaliwa na kukulia pale kujua kwamba tawi hilo si chakula.

Tangu siku ile nimebadilisha mpangilio wetu. Tukienda tunatenga siku nzima ya kutopanda, hata kama wote ni wazima. Siku hiyo watu wanafua, wanapika kitu cha muda mrefu, wanakaa na wahudumu wa kambi na askari walio zamu ya kupumzika. Tunawasalimia vizuri na kuwakaribisha chakula. Wahudumu hawa wamezoea wageni wanaopita mbio na hawatakuanzishia hadithi usiyoiomba. Wifi ana kipaji cha kuuliza bila kuudhi, ni kazi yake sokoni. Mimi mwalimu nimezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo, kwa hiyo nimelazimika kujifunza upya.

Jioni zina mambo yake. Ufuko wa Mahale unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama upande wa Kongo. Wageni hutegemea kuiona milima ya Kongo, na mwezi wa nane hawaioni, maana moto wa nyika umejaza moshi hewani. Ije mvua moja tu, ukungu unafutika na unaona ng'ambo hadi mabonde yake. Kuogelea ni kwa ruhusa na kwa mahali unapoonyeshwa: mamba wapo, viboko wapo, na yuko swila wa majini anayeishi kwa kula samaki, ambaye hana haja na wewe ila usimkanyage. Maji yenyewe ni maangavu kiasi kwamba ukiwa kwenye boti unaona samaki wadogo wa rangi rangi juu ya mawe, wale ambao Ulaya wanawafuga kwenye vioo.

Ukitaka kujua kama usiku utakuwa na taa, angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua gizani kwa kuvuta samaki na mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Hifadhi inalinda pia ukanda wa maji wa kama kilomita 1.6 kutoka ufukoni, humo hakuna kutupa nyavu, kwa hiyo taa zao zinakaa mbali, mstari mrefu upande wa magharibi. Mume wangu anapanga safari kwa kalenda ya mwezi ili azione. Mimi napenda kinyume, usiku wa mbalamwezi, kwa sababu ya kwenda msalani bila kuhangaika na tochi.

Na usiku kuna siafu. Niliwahi kusikia watu wakisema chui ndiye wa kuogopwa kule. Chui wapo, lakini wana shughuli zao, na ukifuata maelekezo ya kutozurura baada ya giza hutakutana naye. Siafu hawafuati maelekezo. Likizo moja ya Septemba mvua ziliwahi, na usiku wa manane mume wangu akaruka kitandani akijipiga magotini. Tochi ikawaka, ukuta ulikuwa unatembea. Walikuwa wameingia kwa chini ya mlango, safu nene, wametapakaa sakafuni na wameshaanza kupanda miguu ya kitanda. Kitu cha kwanza kufikiria ni maji, ndoo ilikuwa pale, ila mzee wa mabanda aliyekuja aliposikia makelele akatuzuia kwa sauti ya chini kabisa: "Tokeni nje, mwalimu. Waacheni wafagie."

Tukatoka tukakaa jikoni na mablanketi, tunang'oana siafu kwenye nguo. Akawasha moto, akachemsha maji ya kahawa yetu bila kuuliza iko wapi. Akatuambia ukiwamwagia maji unawatawanya, na siafu aliyetawanyika ndiye anayeuma. Ukiwaacha wana njia yao. Watachukua mende, buibui, mayai ya mijusi, panya wachanga kama wapo darini, kisha wataondoka. Ikawa hivyo. Kabla ya jogoo wa kijijini angewika, kama kungekuwa na kijiji, banda lilikuwa tupu na safi, hata ile mijusi iliyotukera kwenye paa haikuonekana tena. Asubuhi mzee akanyunyiza majivu kizingitini, na tangu hapo nabeba majivu makavu kwenye kopo. Watu wananicheka mpaka mvua inyeshe. Sokwe wa Gombe huwala siafu hao, wanatumbukiza kijiti kirefu ndani ya safu na kukifuta kwa mkono mara moja hadi mdomoni. Wa Mahale hawana habari nao, wao huvua sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya miti. Kila nyumba na mboga yake.

Kwa anayeanza, ushauri wangu huwa Gombe kwanza. Iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, ni ndogo, boti za abiria za kwenda Mwamgongo zinaondokea Kibirizi na zinapita hapo hapo, na ukishindwa kuvumilia umeme wa kuhesabu na kuamshwa na nyani, nyumbani si mbali. Ukirudi ukiwa bado unacheka, nenda Mahale. Ukienda, nenda angalau kwa usiku tatu. Chini ya hapo unatumia muda mwingi kwenye boti kuliko ardhini, na ziwa likichafuka umepoteza siku ya sokwe.

Nkungwe sijaupanda. Huo si mlima wa kuamka na kuukimbilia. Unalala njiani na unakuwa na askari mwenye bunduki muda wote kwa ajili ya wanyama. Huko juu kuna baridi ambayo mtu wa Ujiji hana nguo zake. Kwa Watongwe pia ni mlima wenye mizimu ya kuheshimiwa, na mzee wa mabanda alishatuambia tukitaka kwenda tumwambie mapema, ana maneno ya kutueleza kabla. Mume wangu anasingizia goti. Kijana wa wifi ameshahesabu siku za likizo. Wifi mwenyewe anasema atapanda, mafua au bila mafua, kwa kuwa juu kule hakuna sokwe wa kumzuia. Nimemwambia wapo, viota vyao vinaonekana hadi kwenye misitu ya juu. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama sufuria kubwa itahitajika au ile ndogo inatosha, na kama kuna mtu wa kuibeba. Hayupo. Ataibeba yeye.